Mark X inayotetemeka asubuhi

SWALI: Nina Mark X ya 2006, injini ya 4GR. Asubuhi hapa Njombe ikiwashwa inatetemeka na kumisi, taa ya injini inawaka. Kila mwezi naongeza lita moja ya oili. Fundi wa Makambako anasema ninunue injini nyingine. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, usinunue kwanza. Gari lipimwe kwa kompyuta ijulikane silinda ipi inamisi. Kisha koili yake ihamishiwe silinda nyingine. Kosa likihama nayo, tatizo ni koili, wala si injini.

Lisipohama, fungua plagi. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, pima kompresheni. 4GR hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na petroli, masizi hugandia hapo. Ringi za pistoni nazo hukwama kwa masizi, oili ikapita na kuungua. Utaona moshi wa bluu. Ule mweupe wa asubuhi ya Julai, unaopotea injini ikipata moto, ni mvuke tu.

Tena, muulize fundi kama thamostati ipo. Wengi huing'oa wakiogopa gari kuchemsha, na hilo linaniumiza sana: kwa baridi ya Njombe injini haifikii joto lake, inakula mafuta, masizi yanazidi. Irudishwe, na rejeta ijazwe kulanti badala ya maji ya bomba.