Kufundisha Kichujio cha Barua Taka

Barua taka ni barua pepe inayotumwa kwa watu wengi kwa mkupuo bila wao kuiomba. Kichujio ni programu inayoipima kila barua inapoingia, kisha kuipitisha au kuitenga. Mwenye nyumba ya wageni pale Mwabungo, kati ya Diani na Msambweni, huweza kupata barua njema na taka kwa siku moja: mgeni anayeulizia chumba cha Agosti, na mlaghai anayetangaza zawadi.

Si lazima kichujio kiundwe upya. Zipo programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuutumia. Mojawapo ni SpamAssassin, iliyotolewa na Justin Mason mwaka 2001. Ina kanuni nyingi, kila moja na alama zake. Barua ikifikisha jumla ya alama 5, kiwango ambacho unaweza kukibadilisha, huhesabiwa kuwa taka.

Kanuni zinazotafuta maneno, hata hivyo, nyingi zililenga barua za Kiingereza. Kwa Kiswahili, programu yahitaji kufundishwa kwa mifano, na hiyo ndiyo kazi yenye thamani kuliko zote.

Tuseme umeipa barua taka 200 na njema 200, idadi ambayo SpamAssassin huisubiri kabla ya kuyatumia mafunzo hayo. Neno “umeshinda” limo katika taka 38 na njema 2. Kati ya barua 40 zenye neno hilo, 38 ni taka, yaani asilimia 95. “Chumba” limo katika taka 3 na njema 57, yaani asilimia 5. Barua yenye maneno yote mawili je? Upande wa taka, 0.95 mara 0.05, upande wa njema, 0.05 mara 0.95. Pande zimelingana, basi maneno yaliyobaki ndiyo yataamua. Msingi wa hesabu hii ni kanuni ya Thomas Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763.

Kwa programu, “umeshinda”, “mmeshinda” na “ulishinda” ni maneno matatu yasiyohusiana. Kwa hiyo Kiswahili chahitaji mifano mingi zaidi, nayo ikusanywe kwa uangalifu: barua za wageni zina majina na nambari za pasipoti, hivyo zisitoke kwenye kompyuta yako.

Makosa ya kichujio hayalingani uzito. Taka iliyopenya hufutwa mara moja. Barua ya mgeni iliyozuiwa ni chumba kitupu. Afadhali barua zinazoshukiwa zitengwe kuliko kufutwa, folda yenye barua hizo ikaguliwe kila siku, na njema itakayokutwa humo irudishwe kwa programu kama mfano mpya.