Maji Ndani ya Mafuta ya Motere

Kamioni hutoka Lubumbashi na shaba, zikienda Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia. Ndani ya motere ya mazuti mna njia mbili: moja ni ya maji yanayopoza, moja ni ya mafuta yanayolainisha vyuma. Njia hizo zinapakana, lakini hazipaswi kuungana.

Asubuhi moja shofere alichomoa kijiti cha kupimia mafuta. Lo! Mafuta yalifanana na chai ya maziwa. Tajiri wake akasema, «Ongeza mafuta, uende!» Fundi akakataa: «Maji yameingia. Mafuta haya hayalindi vyuma tena. Vitasagana, na motere itakufa njiani.»

Fundi alingoja motere ipoe, ndipo akafungua radiatere, kwa maana maji ya moto huruka na kuunguza. Kama mafuta yangeelea humo, angeshuku chombo kinachopoza mafuta. Hayakuwamo. Akamwaga mafuta yote, akafungua bakuli la chini ya motere, akasukuma hewa katika njia ya maji kwa pampu ya mkono. Akamulika kwa taa. Matone yalishuka kando ya silinda moja. «Kumbe, ni mpira unaoziba silinda! Umezeeka.»

Wakabadili mipira yote, wakatia mafuta mapya. Kamioni ilichelewa siku nne, lakini motere ilipona. Mpira mdogo ukidharauliwa huua motere nzima.

Maulizo
1. Mafuta yaliyoingiwa na maji yana rangi gani?
2. Kwa nini radiatere haifunguliwi motere ikiwa ya moto?
3. Fundi alijuaje mahali pa ubovu?