Siku ya 16: Tiketi Mkononi, Ugonjwa Njiani



Ndugu zangu wa jamaa ya Bugomora, na nyie mnaotusoma kutoka Murongo, Nkwenda, Kayanga na kwingineko, leo tafakuri ni ndefu kidogo. Mnivumilie. Ukishindwa kumaliza kabla ya daku, iache, uimalizie baada ya Alfajiri.

Juzi usiku baada ya Tarawehe bibi mmoja wa jamaa yetu alinifuata kibarazani. Ameniruhusu nieleze habari yake bila jina. Umri wake umepita miaka 70, ana sukari, na kwa misimu kadhaa amekuwa akiweka pembeni pesa ya kahawa ili afanye Umra katika kumi la mwisho la Ramadhani. Pesa kishalipa kwa wakala wa safari, viza anayo, na safari ni ya kupitia Kampala na Entebbe. Sasa nyumba imegawanyika. Mwanawe anamwambia, "Mama, usiende, huko kuna magonjwa, na njiani kuna Ebola." Kaka yake anamwambia, "Nenda, ajali haina kinga, na anayefia Makka amepata bahati." Wote wawili wanamsomea hadithi. Yeye akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sheikh, niende au nisiende?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia anipe siku moja. Leo nakushirikisha wewe niliyoyapata, maana najua si yeye peke yake mwenye swali hili.

Kwanza tukubaliane kwamba hofu ya mwanawe haikutoka hewani. Sisi wa Kagera tunayajua haya kuliko wengi. Machi 21, 2023, siku chache kabla ya Ramadhani kuandama, serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg huko Bukoba Vijijini. Walioupata walikuwa 9, wakafariki 6, na mmoja wao alikuwa mtumishi wa afya aliyekuwa akihudumia wagonjwa. Mwaka 2025 tena, Januari 20, Rais Samia akatangaza kuwa umeingia Biharamulo. Safari hii walikuwa 10, waliothibitishwa na walioshukiwa, na wote 10 wamefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiuun. Alhamisi ya Machi 13, 2025, ndipo ulitangazwa kwisha. Jirani zetu Rwanda walikuwa nao Septemba hadi Desemba 2024. Na Uganda, Januari 30, 2025, walitangaza Ebola iliyoanzia kwa muuguzi mjini Kampala. Kwa hiyo mtu wa Bugomora aliyetaka kutoka kwenda popote wakati ule, kila mlango ulikuwa na habari yake.

Na huko Makka kwenyewe kuna jambo la mafua. Aliyewahi kwenda anajua: watu wengi wanarudi na kikohozi. Watu kutoka dunia nzima wanabanana kwenye tawafu, mwingine katoka nchi yenye baridi na homa ya mafua, anapiga chafya, basi. Mwaka 2009 homa ya mafua ya H1N1 ilipoenea duniani, mawaziri wa afya wa nchi za Kiarabu walikutana Cairo mwezi Julai wakakubaliana kwamba msimu ule wa Hijja wasiende wazee wa zaidi ya miaka 65, watoto wa chini ya 12, wajawazito na wenye maradhi sugu. Hawakuifuta Hijja. Walitazama nani anaweza kubeba hatari ile na nani hawezi. Mwaka 2020 hali ilikuwa nzito zaidi: Februari 27 Umra ilisimamishwa kwa wageni, na Hijja iliyofuata walihiji watu kama 1,000 tu, ambapo mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya milioni mbili. Kwa hiyo yule kaka mtu anayesema kwamba mtu wa imani haangalii ugonjwa, namuuliza: je, wale wote waliofunga milango ya Haram hawakuwa na imani?

Sasa tuje kwenye kisa ambacho pande zote mbili za nyumba ile walikuwa wanakitaja nusunusu.

Mwaka wa 18 Hijria hivi, sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa anaelekea Sham. Alipofika mahali panapoitwa Sargh, makamanda wake wakaja kumpokea, akiwemo Abu Ubayda bin Jarrah, wakampa habari kwamba tauni imeingia Sham. Hii ndiyo tauni inayojulikana kwa jina la Amwas. Angalia alichofanya Umar. Hakuamua kwa hasira wala kwa hofu. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo, wakahitilafiana. Wengine wakasema umetoka kwa jambo, usirudi nyuma. Wengine wakasema una masahaba wa Mtume pamoja nawe, usiwaingize kwenye tauni. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana vilevile. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi waliohama kipindi cha kufunguliwa Makka, hao wakakubaliana kwa sauti moja: rudi na watu wako.

Abu Ubayda, na tunajua daraja yake, akamuuliza kama anakimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba naam, wanaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Akampa mfano wa ngamia na bonde lenye ngambo mbili, moja ina majani na nyingine kavu: ukilisha kwenye majani umelisha kwa kadari ya Allah, na ukilisha kwenye ukavu pia ni kwa kadari yake. Sisi wafugaji wa huku mfano huu hatuhitaji kufafanuliwa. Hakuna anayepeleka ng'ombe kwenye kilima kilichoungua halafu akasema ni tawakkul.

Kisha akaja Abdurrahman bin Awf, ambaye hakuwepo kwenye mashauriano kwa sababu ya shughuli zake, akasema yeye ana elimu ya jambo hili: amemsikia Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akielekeza kwamba tukisikia tauni iko katika ardhi tusiiendee, na ikitokea katika ardhi tuliyomo tusitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Allah, akageuza msafara. Hadithi hii imo kwa Bukhari na Muslim.

Hapo ndipo nataka usimame kidogo. Hadithi ina sehemu mbili. Mwanawe yule bibi anaitaja ya kwanza, usiingie. Wengine huitaja ya pili, usitoke. Lakini sehemu ya pili ndiyo inayotugusa sisi wa Kagera, na mara nyingi tunaipita haraka. Tumezoea kujiuliza: nikienda nitaumwa? Ni wachache wanaojiuliza: je, mimi ndiye ninayeubeba?

Imamu Nawawi ameeleza kwamba kutoka kwa haja nyingine isiyo kukimbia kunafaa, na kwa hilo mtu wa Bugomora asiye na mgusano wowote na mgonjwa hazuiliwi kusafiri kwa sababu tu Biharamulo, iliyo mbali nasi, kulikuwa na Marburg. Lakini aliyemhudumia mgonjwa, au aliyeshiriki kuosha maiti ya mtu wa ugonjwa ule, huyo ana siku 21 za kukaa na kuangaliwa, kwa sababu ugonjwa unaweza kujificha mwilini kuanzia siku 2 mpaka 21. Kwake yeye tiketi haina hoja, hata kama ni ya Makka.

Na mafua yana hila yake. Marburg na Ebola huambukiza kwa kugusana na majimaji ya mwili wa mtu ambaye tayari anaumwa. Mafua, mtu anaweza kuanza kuyagawa siku moja kabla hajajisikia vibaya, halafu akaendelea siku tano mpaka saba. Unapanda ndege ukiwa mzima wa kucheka, unashuka umeshawapa watu wa safu tatu. Tukumbuke kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini kwetu, aliyetangazwa Machi 16, 2020, alifika kwa ndege akitoka Ubelgiji. Simlaumu, hakujua. Lakini sisi sasa tunajua.

Kuna kisa kimoja kwenye Muwatta ya Imamu Malik ambacho sikisikii sana kwenye mihadhara yetu. Umar alimkuta mwanamke mwenye ukoma akitufu Al-Kaaba. Fikiria, yuko ndani ya ibada, mahali patukufu kuliko pote. Umar akamwambia kwa upole asiwaudhi watu, na kwamba lau angekaa nyumbani kwake ingekuwa bora. Akaenda akakaa. Baadaye Umar akafariki, mtu mmoja akampitia yule mama akamwambia aliyekukataza kishakufa, toka. Akajibu kwamba hawezi kumtii akiwa hai kisha akamuasi akiwa maiti. Mimi huyu mama namhusudu. Hakutafuta njia ya kupenyea.

Basi nirudi kwa bibi yetu.

Nilimwomba twende pamoja, yeye na mwanawe, kwa daktari anayemtibu sukari. Daktari akatueleza kwamba sukari yake haijatulia tangu mwezi uliopita, na kwa hali hiyo mafua ya kawaida yanaweza kumshukia kifuani yakawa mengine. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo alishapata mapema. Ya mafua hakupata, na hata angeipata leo, huchukua kama wiki mbili mwili kujijenga. Yeye safari ni siku nne.

Hapo nikamweleza kwa fiqhi yetu ya Kishafi. Umra kwa kauli yenye nguvu ni wajibu mara moja katika umri, ila ni wajibu unaofaa kucheleweshwa, na usalama wa njia na uwezo wa mwili ni katika masharti yake. Akanikata akasema, "Sheikh, mimi ni mzee. Nikichelewesha nikafa je?" Swali zito hilo, na nisingependa ulipite. Ni kweli kwamba anayechelea kushindwa baadaye anatakiwa aharakishe. Lakini anaharakisha akiweza, na leo daktari anasema mwili haujaweza. Akipona, aende Rajabu au mwezi wowote. Akifa kabla, au akifika pahali pa kushindwa kabisa, mwanawe atamfanyia badali kwa pesa yake. Mwanawe palepale akaahidi.

Mtume mwenyewe na masahaba kama 1,400 walizuiliwa Hudaybiya mwaka wa 6 Hijria, wakiwa na ihramu mwilini na Makka iko karibu. Wakachinja, wakanyoa, wakarudi Madina, wakaja kuifanya mwaka wa pili yake. Na ile fadhila yenyewe ya Umra ya Ramadhani kuwa sawa na Hijja, Mtume alimwambia mwanamke wa Kiansari aliyeikosa Hijja kwa kukosa ngamia. Alikuwa mtu aliyebaki nyumbani kwa udhuru.

Kuhusu pesa, sikumdanganya. Wakala anasema sehemu haitarudi. Inauma, ni jasho la kahawa. Lakini pesa iliyokwisha kutoka haimfanyi mgonjwa kuwa mzima, na sikuona dalili yoyote ya kisheria inayosema mtu aende kwa sababu amelipa.

Bibi alilia. Kisha akasema ameahirisha. Uamuzi ni wake, sikumtolea fatwa ya kumfunga.

Kwenye kundi lilelile kuna kijana wa miaka 30 na kitu, mzima, naye akaniuliza kama na yeye abaki. Nikamwambia hapana, wewe hali yako nyingine. Ila mpango wake ulikuwa kulala Kampala siku mbili akinunua bidhaa. Hilo nikamkatalia: kwenda kukaa kwa hiari mahali penye ugonjwa ndiko hasa kulikokatazwa, na ana njia ya Bukoba hadi Dar es Salaam. Akaniambia ndege ya Bukoba anaiogopa kuliko Ebola, tangu ajali ya Novemba 6, 2022, ndege ilipoangukia ziwani wakafariki watu 19. Sikumcheka, wengi wetu tunaikumbuka siku ile. Nikamwambia basi panda basi mpaka Mwanza. Ameongeza nauli, amebadilisha.

Nikamwagiza pia, anapotia nia ya ihramu, aweke sharti kwamba akizuiliwa na maradhi basi atajivua pale atakapozuiliwa. Mtume alimfundisha hivyo Dhubaa bint Zubayr alipomlalamikia kwamba ni mgonjwa. Sharti hili dogo linamwokoa mtu na kuchinja na kuhangaika. Barakoa avae kwenye ndege na kwenye tawafu. Na akianza kukohoa huko, aswali hotelini, Haram itamsubiri.

Akirudi, inshaallah, tutamwomba akae wiki moja kwanza kabla ya kuja kukaa mkeka mmoja na wazee wetu. Tende na zamzam zitafika tu. Mikono tutampa baadaye.

Wenye nia ya Hijja, mkumbuke haya. Chanjo ya uti wa mgongo iwe imepita siku 10 kabla ya kuingia Saudia, kwa hiyo usisubiri wiki ya mwisho. Waone wahudumu wa afya mapema, na umwambie daktari ukweli wote kuhusu sukari, presha na pumu.

Bibi anaomba dua zenu kwenye futari ya leo.

Wallahu a'lam. Kesho tukijaaliwa, siku ya 17: Badr.