Ndoa za Jinsia Moja katika Madhehebu ya Kiyahudi

Msomaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe asikiapo neno "Mayahudi", aghalabu huwaza umma mmoja wenye kauli moja. Suala la ndoa za jinsia moja ladhihirisha vingine.

Chimbuko la hoja ni Torati. Mambo ya Walawi 18:22 na 20:13 huharamisha mwanamume kulala na mwanamume. Waothodoksi hushikilia kwamba katazo hilo halitanguliwi na zama, hivyo marabi wao hawafungishi ndoa hizo. Wanamageuzi huiona sheria kuwa urithi unaofasiriwa upya na kila kizazi. Mwaka 2000 marabi wao wa Marekani waliunga mkono rabi anayechagua kuongoza sherehe hizo, na anayekataa vilevile.

Kati ya pande hizo wamo Wahafidhina. Desemba 2006 kamati yao ya sheria ilipitisha fatwa zinazopingana, moja ikizuia na nyingine ikilegeza. Iliyolegeza ilitegemea kanuni ya Talmudi kwamba heshima ya binadamu, yaani utu, huweza kutangua makatazo yaliyowekwa na marabi, ila si yale ya Torati. Kwa hiyo katazo la Walawi lenyewe lilibakizwa. Mwaka 2012 ukatolewa utaratibu wa sherehe. Kidushini, ambamo mume humpa mke kitu cha thamani mbele ya mashahidi wawili, mfano wa mahari katika nikahi, haikutumiwa. Badala yake wenza hufungamana kwa agano.

Mvutano huu umefika Afrika Mashariki. Abayudaya wa Mbale, Uganda, jamii iliyoasisiwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wengi wao hufuata Uhafidhina. Rabi wao, Gershom Sizomu, alitawazwa mwaka 2008 baada ya kusoma katika chuo cha Kihafidhina cha Los Angeles. Hata hivyo, Katiba ya Uganda hukataza ndoa hizo tangu mwaka 2005, na sheria ya mwaka 2023 huadhibu tendo lenyewe kwa kifungo cha maisha. Nchini Kenya, ibara ya 45 ya Katiba ya 2010 hutambua haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti.

Hivyo basi, Muhafidhina wa Marekani aweza kuifuata fatwa iliyolegeza. Mwenzake wa Mbale, mwenye Torati ileile, akiifuata hukabili jela.