Sura wanaijua, wape sauti

SWALI: Shangazi, nina miaka 37, naishi Dar es Salaam. Nilikulia Tanga nikiimba taarabu na mama mdogo, kisha nikaingia uanamitindo, baadaye filamu. Sasa nataka kurudi kwenye kuimba. Meneja anasema nitoe wimbo wa kuchezeka na video kali, jina litafanya kazi. Wenzangu wananicheka eti natafuta kiki. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, meneja wako hajakosea yote. Shilole na Snura walitokea kwenye filamu wakaingia kwenye muziki wa kuchezeka, na watu wakacheza kweli. Lakini wewe umeniandikia kwamba unataka kurudi. Taarabu uliyokulia nayo watu wengi huisikiliza wamekaa, na pale uzuri wa sura huishia ubeti wa kwanza.

Tena umetoka Tanga! Mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyotia gitaa la umeme kwenye taarabu, na alimopitia mwimbaji Shakila. Uache urithi huo ukagombanie biti na mabinti wa miaka 20?

Anza na koo. Usidhani sauti ipo palepale ulipoiacha. Nyimbo ulizozipandisha ukiwa kigori huenda sasa zinakubana. Mwambie mpiga kinanda akushushie, si aibu. Mtazame Charlotte Gainsbourg, mwigizaji wa Ufaransa: aliimba na baba yake akiwa bado mtoto, na albamu yake ya kwanza ikatoka 1986. Filamu zikamchukua. Albamu ya pili, 5:55, ilikuja 2006, miaka 20 baadaye. Hakujifanya tena yule binti. Alishirikiana na wanamuziki waliokomaa, akaimba kwa sauti yake ndogo, karibu ya kunong'ona, bila kuilazimisha.

Nawe tafuta kikundi, hata cha watu wanne, uombe kuimba laivu kwenye harusi na shughuli za mitaani. Plei-beki hapana. Kina mama wa taarabu hawatunzi jina tu. Ubeti ukiwagusa ndipo wanaponyanyuka na noti mkononi (mara nyingine, tusidanganyane, ni kumpiga kijembe jirani aliyekaa meza ya pili). Wakinyanyuka shughuli tatu nne mfululizo, nenda studio. Wanaosema kiki watakuwa wameshachoka wenyewe.

Jambo moja zaidi, na hili lifanye wiki hii: toa mkataba wako kabatini uusome. Je, meneja anasimamia filamu tu, au kila kazi ya sanaa utakayofanya? Kama ni kila kazi, mwone mwanasheria kabla hujarekodi chochote. Nyimbo ziandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na mtunzi wa mashairi atajwe kwa jina lake.

Kisha mwambie meneja video isubiri. Akikataa, huyo ni meneja wa filamu. Wa muziki tafuta mwingine.