Poda: Maswali ya Kariokor, Majibu ya Mfamasia

Hapa Kariokor, Nairobi, kuna njia nyingi za kutumia poda. Kinyozi akimaliza kunyoa huipitisha shingoni kwa brashi. Mtoto mchanga akitoka kuogeshwa huonekana kama aliyeangukia unga wa chapati. Kukiwa na harusi upande wa Majengo, utawaona akina mama wamejipaka shingoni na kifuani kwa makusudi, ili ionekane. Maswali haya ni yale ninayoulizwa mara kwa mara dirishani mwa duka la dawa. Nimeyafupisha, na majina nimeyaacha.

Daktari, nimeona kwenye simu kwamba poda inaleta kansa. Ni kweli ama ni mambo ya WhatsApp?

Kuna ukweli ndani yake, ila mambo mawili yamechanganywa, na ni lazima tuyatenganishe.

Kwa miaka mingi poda ya mwili ilitengenezwa kwa talki. Hayo ni madini yanayochimbwa ardhini na kusagwa, na hakuna madini laini kuyashinda. Mwamba wenye talki mara nyingi hupakana na mwamba wenye asbestosi, yale madini ya nyuzi nyembamba yaliyokuwa yakitiwa kwenye mapaa ya zamani. Mchimbaji asipokuwa makini, asbestosi huingia kwenye gunia la talki. Kuhusu asbestosi wanasayansi hawabishani tena: inaleta saratani ya mapafu, saratani ya ovari, na ile inayoshika utando unaofunika mapafu na matumbo, iitwayo mesothelioma. Mtu huivuta leo, ugonjwa ukajitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40.

Jambo la pili ni talki isiyo na asbestosi, na hapo ndipo mjadala ulipo. Mwaka 2024 wataalamu 29 kutoka nchi 13 walikutana Lyon, Ufaransa, chini ya IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani. Mwezi wa Julai walitangaza kwamba talki sasa iko katika kundi la 2A, yaani inaelekea kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Kwa wanyama wa maabara ushahidi ulitosha. Kwa binadamu waliuona ni mchache, na ulihusu saratani ya ovari.

Habari hiyo ilipofika mtaani ilishageuka kuwa “poda ni sumu”. Lakini makundi ya IARC hupima uzito wa ushahidi. Ukubwa wa hatari hayaupimi. Nyama nyekundu imo katika kundi hilohilo la 2A tangu 2015, na sijaona foleni ya nyama choma hapa sokoni ikipungua siku ya Jumapili.

Mimi nimekuwa nikijipaka huko chini tangu nikiwa msichana. Sasa nina miaka arobaini na kitu. Nimejiharibu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya wateja wengine kuondoka, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Shaka hii ilianza kuchukuliwa kwa uzito mwaka 1982, daktari Daniel Cramer wa Boston na wenzake walipolinganisha wanawake wenye saratani ya ovari na wasio nayo. Waliougua walitaja poda mara nyingi zaidi. Dhana ni kwamba chembe hupanda kupitia uke na mji wa mimba hadi kwenye ovari, na huko husababisha uvimbe wa muda mrefu. Tatizo la utafiti wa namna hiyo ni kwamba mgonjwa hukumbuka kuliko mzima. Ukiambiwa una saratani, utalala macho ukihesabu kila kitu ulichowahi kujipaka.

Njia bora ni kuwafuatilia wanawake kabla hawajaugua. Januari 2020 zilichapishwa takwimu za tafiti nne za aina hiyo za Marekani zilizojumlishwa pamoja: wanawake 252,745, ambao 2,168 kati yao walipata saratani ya ovari. Kwa waliotumia poda sehemu za siri, wagonjwa walikuwa kama 61 kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka. Kwa wasioitumia walikuwa 55. Tofauti ndogo kama hiyo inaweza hata kutokea kwa bahati tu. Mwaka 2024 utafiti mwingine wa Marekani, wenye wanawake zaidi ya 50,000, ulijaribu kurekebisha kasoro ya kumbukumbu na ukauona uhusiano huo tena, hasa kwa waliotumia mara nyingi na kwa muda mrefu.

Kwa hiyo, dada yangu, hujajiharibu. Hatari ikiwepo ni ndogo. Lakini faida ya poda mahali hapo ni sifuri, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kukwambia uache leo. Usijipake, usiitie kwenye pedi, wala kwenye chupi. Uke hujisafisha wenyewe. Na kama unajipaka kwa ajili ya harufu, harufu ya samaki au uchafu uliobadilika rangi ni dalili ya maambukizi yenye tiba. Poda itayafunika tu huku yakiendelea.

Usikimbilie kupigwa picha ya tumbo kama huna dalili yoyote. Hakuna kipimo kinachopendekezwa cha kuitafuta saratani ya ovari kwa mwanamke wa kawaida asiye na dalili. Zijue dalili zenyewe: tumbo kujaa siku nyingi bila sababu, kushiba baada ya vijiko vichache, maumivu ya nyonga, kukojoa mara kwa mara. Zikikaa wiki kadhaa, nenda hospitali, na usikubali kuambiwa ni vidonda vya tumbo kabla hujapimwa.

Kuna jambo linalonikera kidogo. Wengi wanaoniuliza kuhusu poda hawajawahi kupimwa mlango wa kizazi. Hiyo ni saratani nyingine kabisa, husababishwa na virusi vya HPV, na nchini Kenya ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi. Ina kipimo. Ina chanjo pia, ambayo serikali ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Ukitoka hapa na hofu ya poda, ipeleke kliniki ukapimwe hiyo.

Shosho anasema mtoto asiyepakwa poda hajaogeshwa. Nitamwambiaje?

Kwa heshima, lakini mwambie. Kwa mtoto sihitaji hata kuitaja saratani. Hatari yake iko kwenye pumzi, na inaweza kutokea ndani ya dakika moja.

Chembe za poda ni ndogo mno. Ukitikisa kopo juu ya mtoto, lile wingu unaloliona ni sehemu tu ya kilichomo hewani. Mtoto akivuta nyingi, hukauka njia za hewa na mapafu huvimba. Kuna watoto waliokufa hivyo, wengi wao wakiwa wamepewa kopo wachezee wakati nepi inabadilishwa, kifuniko kikafunguka usoni. Madaktari wa watoto wa Marekani wamekuwa wakiikataza kwa watoto wachanga kwa miaka mingi, na hata ile ya wanga wa mahindi hawaipendi, kwa sababu vumbi ni vumbi.

Likitokea hilo, mpeleke hospitali hata kama ameacha kulia na anaonekana mzima. Shida ya kupumua inaweza kuchelewa saa kadhaa.

Kuhusu shosho, nimegundua kwamba ukimpa kazi nyingine hakasiriki. Mwombe amkaushe mtoto vizuri kwenye mikunjo ya shingo, kwapa na mapaja kwa kitambaa laini, akibonyeza bila kusugua. Upele wa nepi unataka nepi ibadilishwe mapema na vaselini au mafuta yenye zinki yapakwe. Vipele vya joto vinataka nguo zipunguzwe. Hapa Nairobi baridi ya Julai humfanya mtoto avalishwe sweta tatu na shali, halafu tunashangaa ametoa vipele. Mikunjo ikiwa myekundu yenye unyevu na vipele vidogo pembeni, huenda ni fangasi, na fangasi hutibiwa kwa dawa.

Kama ni lazima kabisa, kwa kumridhisha shosho, atie poda kidogo mkononi, mbali na uso wa mtoto, kisha aipake. Lakini mimi ningemwachia ile kazi ya kitambaa.

Mimi ni kinyozi. Navuta poda kutwa nzima. Niogope?

Ugonjwa wa mapafu wa talki uliwapata hasa wachimbaji na wafanyakazi wa viwanda vya kusaga, waliovuta vumbi zito miaka nenda miaka rudi. Wewe huvuti kiasi hicho. Fungua mlango, tia kidogo, wala usiipulize. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni brashi yenyewe, inayopita shingo ya mteja wa asubuhi hadi wa usiku bila kuoshwa. Mashilingi, yale mabaka ya duara ya fangasi, wanayokuja nayo vijana wengi dukani kwangu hayatokani na talki.

Kampuni kubwa si ilishtakiwa Marekani? Na poda yake mbona bado naiona?

Johnson & Johnson imekabiliwa na makumi ya maelfu ya kesi. Mwaka 2018 jopo la mahakama huko St. Louis liliamuru wanawake 22 walipwe dola bilioni 4.69. Rufaa ilikipunguza kiasi hicho hadi bilioni 2.12, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi hiyo. Desemba 2018 shirika la habari la Reuters lilichapisha nyaraka zilizoonyesha kwamba kati ya 1971 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vipimo vya talki ya kampuni vilikuta, mara nyingine, kiasi kidogo cha asbestosi. Kampuni inasisitiza kwamba bidhaa yake ni salama na haina asbestosi. Hata hivyo iliacha kuuza poda ya mtoto ya talki Marekani na Kanada mwaka 2020, na ikaiacha dunia nzima mwaka 2023. Inayotengenezwa sasa ni ya wanga wa mahindi.

Nchi nyingine, yetu ikiwemo, zilisubiri miaka mitatu zaidi. Hilo kila mtu alipime mwenyewe.

Kujua unachonunua si kazi ngumu: geuza kopo usome viambato. Ukiona “talc” au namba CI 77718, hiyo ni talki. Ukiona “Zea mays”, hilo ni jina la kitaalamu la mahindi. Kisha tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba ya kibali chake. Unaweza kutuma SM#, ikifuatiwa na namba hiyo, kwenda 20023, nawe utajibiwa ni ya nani. Poda isiyo na jina, iliyopimwa kutoka kwenye gunia, iache hukohuko. Mwaka 1972 nchini Ufaransa watoto 36 walikufa kwa sababu kiwandani dawa ya kuua vijidudu, heksaklorofini, ilichanganywa kwa makosa kwenye poda ya watoto. Talki haikuwa na hatia siku hiyo. Macho ndiyo yaliyokosekana kiwandani.

Basi nitumie unga wa ugali?

Hapana. Wanga wa mahindi umechujwa ukabaki laini. Unga wa ugali una chenga zitakazokukwaruza, na unavutia mende.

Ninajipaka kwapani na miguuni tu. Niache?

Sioni sababu. Talki haipenyi ngozi nzima. Tia mkononi kwanza, usiitikise hewani, wala usiipake kwenye kidonda. Na wale wa harusi ya Majengo, shingo zenu ziko salama.

Mke wangu ana mimba ya miezi sita na anaila. Nimemkuta na kopo.

Huyu hayuko peke yake. Wako wanaotafuna mawe ya odowa, wanaokula barafu, na wanaolamba poda. Mara nyingi hamu hiyo huja pamoja na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Talki haitamlisha kitu, inaweza kumfunga choo, na kila anapoilamba kwenye kiganja anaivuta pia puani.

Nenda naye kliniki apimwe damu, na amwambie nesi waziwazi anachokula na kwa kiasi gani. Mwulize pia kama vidonge vya chuma alivyopewa anavimeza, maana wengi huviacha kwa ajili ya kichefuchefu au choo cheusi. Akimeza baada ya chakula cha jioni huwa nafuu. Akilamba poda halafu akakohoa sana au kubanwa kifua, msisubiri siku ya kliniki. Usimgombeze, na kopo usimfiche, atanunua lingine.