Mnenguaji wa Eastlands: Jinsi ya Kuishi na Wanaokutuza

Wasichana wanaotaka kujiunga na bendi huniuliza kuhusu kiuno: nilijifunzia wapi, nafanya mazoezi gani. Kiuno hujifunzwa. Mwenye kioo, spika ndogo na subira atakipata. Kinachofanya bendi ikupigie simu tena, ulipe kodi na ufike nyumbani salama ni watu, na hapo ndipo wengi huishia njiani. Mimi ni mzaliwa wa Kaloleni, Nairobi. Nimenengua rumba kwenye vilabu vya Jogoo Road, Umoja na Kayole, na haya ndiyo ningemwambia mdogo wangu akitaka kazi hii.

Anza na mavazi. Usinunue nguo ya jukwaani ikiwa tayari imeshonwa. Nenda Gikomba alfajiri, marobota yanapofunguliwa, utafute magauni ya harusi na ya sherehe kabla wenye maduka hawajabeba kamera yote, yaani nguo za daraja la kwanza. Gauni moja lililochanika linatoa vazi la juu, mkanda wa kiuno na mabaki ya kuweka viraka. Shanga na matamvua utayapata Eastleigh, upande wa Garissa Lodge. Kisha mtafute fundi mmoja mtaani na usimwache. Wangu ni mama wa kanisa ambaye hajawahi kukanyaga klabu, lakini mishono yote ya kiunoni huishona mara mbili bila kuambiwa. Mlipe siku anapokukabidhi nguo. Fundi anayekudai hulikumbuka deni siku ya shoo.

Nyuma ya jukwaa mara nyingi hakuna chumba. Kuna stoo ya kreti, au choo cha wanawake, na tochi ya simu. Mkigombania kioo humo mtatoka mmenuniana, na watazamaji wataona. Sisi tuna sheria zetu: aliyecheza mbele leo, wiki ijayo yuko nyuma; pini, wanja na mafuta ni vya wote; na hakuna anayeondoka peke yake. Tunachanga teksi moja, inatushusha mmoja mmoja, na wa mwisho anaandika kwenye grupu kwamba ameshafunga mlango. Bodaboda usiyoijua, saa tisa usiku, hapana, hata nauli ikiwa nusu.

Majirani watasema. Mama yangu alisema pia. Sikubishana naye, nilimwekea video za mwimbaji wa Kongo, Tshala Muana, aliyeanza kama mnenguaji katika bendi ya M'Pongo Love miaka ya 1970, kabla hajawa malkia wa mtindo wa mutuashi. Mama hakubadilika siku hiyo, ila aliacha kuondoka sebuleni.

Sasa tuzo. Wapo bado wanaokuja mbele na kukubandika noti kwenye paji la uso lenye jasho, na hiyo ni heshima kubwa. Lakini nyingi siku hizi hupita kwa simu. Laini yako ya nyumbani isitangazwe kwenye maikrofoni. Tafuta laini ya kazi na uifungulie Pochi la Biashara, akaunti ya kupokelea malipo kwa simu, maana humo mteja hawezi kurudisha pesa bila wewe kukubali, na anayetuza saa saba usiku huamka na mawazo mengine. Mkubaliane mapema na mwenye bendi ni kiasi gani kinabaki kwako.

Aliyekutuza mshukuru hadharani, kisha urudi kucheza. Ukienda kumwamkia mezani, nenda na mwenzako, msikae sana, na chupa unayokunywa uifungue mwenyewe. Hakosi mmoja anayedhani amenunua usiku mzima. Mimi husema, "Asante sana mzee wangu, bendi inaniita." Mbele ya wenzake huona haya, akaniachilia. Asipoona haya, walinzi tunawafahamu kwa majina, na chai yao tunainunua sisi.

Walionishika mkono zaidi, hata hivyo, hawakuwa watu wa meza za mbele. Machi 2020 baa zilifungwa kwa sababu ya korona, na tarehe 27 mwezi huo kafyu ikaanza: saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwanzoni wengine wetu tuliiona utani, lakini haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021. Baa zilifunguliwa katikati, zikafungwa tena, na hata zilipokuwa wazi, nani anacheza rumba saa kumi jioni? Aliyenitumia pesa za unga alikuwa dereva wa matatu ya Buruburu, naye kazi yake ilikuwa imepungua. Mama wa kibanda aliniandikia sukuma wiki kwa deni. Kina mama wa chama kimoja pale Jericho waliniomba niwafundishe densi kwa video, wakanilipa, ingawa nashuku nusu yao hawakuinuka kitini.

Watu kama hao huwezi kuwashukuru kwa posti ya Facebook. Weka daftari la majina. Wakifiwa, nenda matangani mchana, umevaa leso, kope za bandia uziache nyumbani. Kaa jikoni na wanawake, menya viazi, changa ulicho nacho, jina lako liandikwe pamoja na ya wengine. Wapenzi wengi wa bendi yetu walilijua jina langu halisi huko. Wakiwa na harambee ya karo, cheza bure mara moja, lakini sema wazi kwamba ni zawadi, la sivyo utaitwa bure kila mwezi.

Dereva yule alimwoza binti yake Desemba. Bendi nzima ilikwenda, na tukakataa malipo. Alipotoa noti ili atubandike, sisi wanenguaji tulimkimbia, akazibandika zote kwa mpiga besi. Mpiga besi hakukimbia.